Jiko wamelipatia, sebule hapana: uzoefu wangu wa kukarabati nyumba Kigamboni

Kwa wanaotaka jibu la haraka kuhusu karakana niliyoipa kazi: jikoni ningewaita tena hata kesho, sebuleni nisingewaita. Mnaopanga kuvunja na kujenga upya, someni mpaka chini, maana mengi yaliyotugharimu hayaonekani kwenye zile picha nzuri za mitandaoni.

Nyumba yetu iko Kigamboni, si mbali na bahari, na imejengwa kama nyumba nyingi za Dar: sebule kubwa mbele, jiko dogo nyuma, stoo ubavuni, na jiko la nje uani kwa ajili ya mkaa na masufuria ya shughuli. Jiko la ndani lilikuwa na kaunta ya zege iliyobandikwa marumaru nyeupe, sinki moja, na vipazia vya kitenge mahali pa milango. Kila kitu cha chuma kilikuwa kimeshaliwa na hewa ya chumvi. Nikatafuta watu wa kufanya jiko na sebule kwa mkataba mmoja, nikaangukia karakana moja ya Keko yenye maseremala wake na mbunifu wake wa ndani, dada mmoja kijana. Jina lao silitaji, kwa sababu yapo nitakayosema ambayo si ya kuwapamba.

Sifa kwanza. Huyu dada hakuanza na rangi wala kunionyesha picha za nyumba za watu. Alifika na futikamba, akasalimia, akamwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akauliza: "Hapa nani anapika, dada, na mnapika nini?" Nikamwambia ni mimi, binti anayenisaidia, na mama mkwe akiwepo hakuna wa kumzuia. Akatusimamisha sote watatu ukutani, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko cha kila mmoja. Kaunta ya kawaida huwa sentimita 85 hadi 90 kutoka chini, na kwa kukata mboga urefu huo unatosha ukiwa chini ya kiwiko kwa sentimita kumi na kitu hivi. Kwa kukanda unga hautoshi. Unga wa chapati unataka mkono ulionyooka na uzito wa bega juu yake, na kaunta ikiwa juu unabaki kuupapasa tu. Basi akashusha kipande cha mwisho, kile cha dirishani, mpaka sentimita 75. Ni kama mita moja hivi, na ndiyo mita yenye kazi kuliko zote jikoni kwangu. Ukiwa na siku ya futari au wageni wa ghafla utaelewa ninachosema.

Chini ya hicho kipande hakuna mlango wala droo. Ni uwazi tu, na humo mnakaa mbuzi ya nazi, kinu na mchi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kila kitu isipokuwa hivyo vitu vitatu, na mama mkwe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya upole ile inayotisha, "Sasa mwanangu, nazi tutakunia wapi?" Dada wa watu akacheka, akafuta, akachora tena. Kinu chetu ni cha mninga, kizito, kwa hiyo akaagiza sakafu ya pale iwe sawasawa na ya jiko ili kivutwe kutoka, kisinyanyuliwe. Ni kajambo kadogo, lakini hata zile picha zilizochorwa kwa kompyuta hazikuwa nako. Kwenye karakana nyingi mchoro unatolewa bure na unafanana na bure. Hawa walinitoza laki tatu, wakaikata baadaye kwenye bei ya makabati, na kwa mawazo yangu hiyo ndiyo hela iliyofanya kazi kuliko nyingine zote.

Tulipopishana ni kwenye ukuta. Mchoro ulivunja ukuta wa kati ya jiko na sebule, ukaweka kaunta yenye viti virefu, kama hotelini. Mzee wa nyumba alipenda. Mimi nikauliza swali moja: nikikaanga samaki Jumamosi, makochi yatanuka nini Jumapili? Jiko la wazi ni zuri kwa anayechemsha chai na kuoka mkate. Kwa mtu anayekausha vitunguu vya pilau mpaka viwe rangi ya kahawia, ule moshi wa mafuta unatafuta kitambaa na unakipata. Isitoshe, fundi alipopanda darini aliona mbao za paa zimelalia ule ukuta, kwa hiyo kuuondoa kungetaka boriti ya nondo na zege juu, na gharama ambayo haikuwa kwenye makadirio. Tukaafikiana kutindua sehemu ndogo, wakaweka linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, ikawa dirisha la kupitishia chakula lenye mbao mbili za kufunga. Mwanga wa sebuleni unaingia jikoni, sahani zinapita, harufu inabaki kwake.

Sasa bodi, maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Bodi ya MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Inapakika rangi vizuri, haina mafundo, na mlango wake unapendeza. Lakini ile ya kawaida ikinywa maji inavimba, na ikishavimba hairudi. Marine ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa kupishanisha nyuzi zake, kwa gundi inayostahimili maji. Sisi wa karibu na bahari, kuanzia masika mpaka kiangazi, unyevu hauondoki, kwa hiyo mkataba wangu uliandikwa wazi: maboksi ya chini yote marine ya milimita 18, milango ya MDF iliyopakwa rangi pande zote mbili, na kingo zote zizibwe. Kwa mita walinitoza laki nne na nusu, bila graniti. Nafuu ilikuwepo mitaani, ila kila aliyeshusha bei alikuwa anashusha bodi.

Makabati yalipofika yalikuwa safi. Fundi aliyeyafunga ni mtu wa pima maji: alikuwa halazi hata kipande cha juu bila kulitazama lile povu limesimama katikati. Bawaba zinajifunga taratibu, droo zinatoka mpaka mwisho, na droo ya masufuria inabeba uzito bila kulia. Lakini nilipoingiza kichwa chini ya sinki na tochi ya simu, niliona ubao wa nyuma, pale panapopita bomba la maji machafu, ni wa rangi ya hudhurungi iliyolingana mno. Marine ukiitazama ubavuni unaona tabaka, kama kurasa za daftari. Huu haukuwa na tabaka. Nikaomba kile kipande walichokata kutoboa tundu la bomba, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kingo zake zilikuwa zimenenepa na unasugua unga kwa kidole.

Msimamizi wao alianza na maneno yale tunayoyajua. "Dada, hiyo nyuma haionekani." Kisha, "Fundi alichanganya tu oda." Sikubishana. Mkataba wetu ulikuwa asilimia 60 ya advansi, 30 makabati yakifika, na 10 ya mwisho mwezi mmoja baada ya kukabidhi. Ile kumi ndiyo iliyowarudisha. Walikuja wakatoa sinki, wakabadilisha ubao wa nyuma na rafu ya chini, wakapaka silikoni upya, na kusema kweli kazi ya marekebisho ilikuwa safi kuliko ya mwanzo. Nimewatoa nyota moja kwa kujaribu, nimewarudishia nusu kwa kutengeneza bila kununa. Anayeajiri karakana yoyote asikubali kulipa yote siku ya kukabidhi, hata akiwa anamjua fundi tangu utoto.

Juu tuliweka graniti. Mbunifu alinipa machaguo matatu na alinieleza bila kunivutia upande. Mabo (marble) ni nzuri kwa macho, lakini ndimu na ukwaju vinailamba, kwa sababu ni jiwe la chokaa na asidi inakula chokaa. Unakamua ndimu, unasahau kufuta, asubuhi kuna doa lisilong'aa. Mawe ya kutengenezwa kiwandani yana gundi ya plastiki ndani yake, na sufuria iliyotoka motoni inaweza kuyaunguza. Graniti haijali ndimu na haijali sufuria, ila inatakiwa kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo manjano na mafuta vinaingia. Kujua kama dawa bado ipo, dondosha maji: yakisimama kama shanga, ipo, yakinywewa na jiwe likawa jeusi, paka tena. Letu ni la kijivu lenye chembe nyeusi, na nimeshamwagia bizari ya kutosha kuthibitisha.

Usafirishaji wake ulinipa presha. Graniti ya unene wa sentimita mbili ina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na pale lilipokatwa tundu la sinki panabaki vipande viwili vyembamba mbele na nyuma. Hapo ndipo linapovunjika. Vijana walilibeba limesimama kwa ubavu kwenye kirikuu, wamelifungia kwenye fremu ya mbao, wakapita Daraja la Nyerere polepole, na kila tuta la Kigamboni walilipanda kama wamebeba mgonjwa. Lilifika zima. Ukiona fundi anataka kulilaza bapa kwenye gari, mshushe.

Gesi wameiweka vizuri pia. Mchoro wa kwanza ulificha mtungi wa kilo 15 ndani ya kabati lililofungwa, na hilo nililikataa kabla sijaelezwa chochote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama chini, inangoja cheche. Sasa mtungi uko nje, kwenye kizimba cha nondo chenye kivuli, mpira unapita ukutani ndani ya bomba lake, na koki ya kufungia iko mahali ninapoifikia bila kuvuka moto. Kwa wanaolazimika kuuweka ndani, angalau milango ya kabati itobolewe kule chini kabisa, si juu. Umeme nao walitenga: soketi za kaunta waya wa milimita za mraba 2.5, jiko la umeme na oveni laini yake peke yake. Breka haijawahi kuanguka hata birika na blenda vikifanya kazi pamoja.

Na jiko la nje walitaka kuligeuza chumba cha kufulia. Hilo sikulijadili. Maharage ya shughuli hayapikwi kwenye graniti.

Sebule sasa. Sijui kama walichoka au mbunifu aliachia wengine, lakini hapa walifanya kile wanachomfanyia kila mtu. Dari ya jipsamu yenye ngazi, taa za ukanda zinazobadilisha rangi, na ukuta wa runinga wenye vibao vya mistari. Sebule yetu ilikuwa na dari ya mita 3, wao wameishusha mpaka 2.7, na kwa joto la Dar zile sentimita 30 unazisikia mwilini. Baya zaidi, walifunika ile ndoano ya zamani ya feni. Jipsamu haibebi feni. Ndoano lazima ishikwe na mbao au chuma cha juu, na nafasi yake inaachwa kabla ya kufunga bodi. Nilipouliza, nikaambiwa, "Watu siku hizi wanaweka AC, dada." Umeme wa LUKU atanunua nani, hawakusema.

Vile vibao vya ukutani navyo vilibandikwa kwa gundi kwenye ukuta unaotoa chumvi. Wenye nyumba za huku tunaufahamu ule unga mweupe unaochanua juu ya rangi: maji yanapanda ukutani, yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma kila kilicho mbele yake. Ukuta wa namna hiyo unakwanguliwa kwanza, unatafutiwa chanzo cha maji, unaachwa ukauke, ndipo upigwe lipu mpya. Wao walifunika. Vibao viwili vya chini vikaachia, nyuma yake kukawa na unga wa kujaza kikombe. Na hata vilivyobaki, ile mistari inakusanya vumbi, na kuifuta ni kazi ya mswaki. Walirudi kubandika tena kwa gundi nyingine; nikawaambia waache.

Makochi, mapazia na rangi za kuta sikuwapa, nilichagua mwenyewe, na hapo sina malalamiko na mtu.

Kwa hiyo nyota nne na nusu jikoni, mbili sebuleni. Mwenye kutaka karakana ya namna hii awape makabati na mchoro, awaandikie aina ya bodi kwa kila sehemu mpaka ubao wa nyuma, na kazi ya dari atafute fundi mwingine. Mimi nilimpata wa mtaani kwetu. Alitoboa jipsamu, akaifuata ile ndoano ya zamani, akarefusha chuma, akaziba pembeni kwa umakini mpaka huoni kiraka. Feni inazunguka. Zile taa za rangi tunaziwasha watoto wa wifi yangu wakija, kwa sababu ni wao tu wanaozipenda.