Titi la kufuma la shilingi 15,000: zaidi ya mwaka mmoja kifuani mwangu

Ninachotaka kukisifia hakina boksi wala nembo. Ni titi la bandia la uzi wa pamba, rangi ya karafuu, lililofumwa na mama mmoja hapa Tanga ambaye mtaa mzima unamjua kwa vitambaa vyake vya makochi. Nimelivaa tangu Oktoba 2023. Nimesali nalo, nimefundisha nalo, nimekuna nazi nalo, nimepanda nalo basi la Dar kwenda kliniki na kurudi. Nililipa shilingi 15,000. Kabla yake nilikuwa nimenunua la silikoni kwa shilingi 180,000, na hilo nitalieleza pia kwa haki, maana bado ninalo na lina kazi yake.

Niliondolewa titi la kulia Februari 2023 kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mkono wangu wa chaki ni huohuo wa kulia. Nilirudi nyumbani na mpira umetokea ubavuni, mwishoni una chupa ya kukusanya majimaji. Kila asubuhi baba watoto aliyamimina kwenye kikombe cha kupimia akaandika kwenye daftari: 180, 140, 110. Nesi alituambia mpira hautolewi mpaka yashuke chini ya mililita 30 kwa siku. Siku ya kumi na mbili aliandika 25, akaipigia mistari miwili chini yake. Daftari lile nimelihifadhi pamoja na vyeti vya watoto.

Hospitalini sikulia. Nililia siku ya kwanza ya kuoga bila bandeji. Nilijimwagia kata ya maji upande ule. Niliyasikia yakianguka sakafuni, lakini kifua hakikuyasikia. Ganzi ilianzia kwenye kovu ikapita kwapani hadi ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Na usiku chuchu ambayo haipo ilikuwa inawasha. Napeleka mkono kujikuna, nakuta mshono. Daktari alinieleza baadaye kwamba mishipa ya fahamu ikikatwa, ubongo huendelea kukikumbuka kiungo kana kwamba bado kipo. Nilifarijika kujua sijapotewa na akili. Lakini titi lile lilinyonyesha watoto watatu, na mziwanda wangu alilikataa kabisa la kushoto, akawa hataki ila lile. Ubongo una haki ya kulikumbuka.

Haya, bidhaa.

La silikoni nililinunua Aprili, wiki ya nane baada ya upasuaji, kwa sababu niliambiwa kovu lazima lipone kwanza. Nilikwenda duka moja la vifaa vya hospitali Dar es Salaam. Kijana wa kaunta, mbele ya wateja sita wanaume kwa wanawake, alipaza sauti kuelekea stoo: "Kuna mama anataka titi la bandia, la kulia, tunazo saizi gani?" Nilishika ukingo wa kaunta nikatazama chini. Hapakuwa na chumba cha kujaribia. Nililipa, nikalitia kwenye mkoba, nikatoka. Hata sikuuliza livaliwe na sidiria ya namna gani, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Titi lenyewe ni zuri. Lina uzito wa kweli, linatikisika kwa kweli, na mgongo ulipumzika siku ileile. Mwezi mzima bega la kulia lilikuwa linapanda juu kwa kukosa mzigo wake. Mwanamke mwenye matiti makubwa asilidharau jambo hili la uzito. Ila mimi nililiweka ndani ya sidiria ya kawaida, isiyo na mfuko. Nilirudi darasani Julai, kemo, yaani dawa kali za saratani, ikiwa imekwisha. Siku ya tatu nilinyanyua mkono kuandika tarehe juu ya ubao, sidiria ikapanda na mkono, titi likateleza likatokea chini, likakaa tumboni ndani ya dera. Watoto sitini nyuma yangu. Nilisimama uso ubaoni, chaki mkononi, sijui nigeuke vipi. Msichana mmoja wa dawati la mbele alikuja akanivuta mtandio taratibu mpaka ukanifunika mbele. "Mwalimu, mtandio wako umeshuka." Alikuwa na miaka minane. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye stoo ya vitabu mpaka kengele.

Tangu siku hiyo nikawa naandika katikati ya ubao tu.

Agosti nilikwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi, siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu. Ngozi iliiva ikawa nyeusi kama iliyopitiwa na pasi, chini ya kwapa ikachubuka. Silikoni hata kuigusisha haikuwezekana. Tukiwa tumekaa kwenye benchi kungoja zamu, upepo wa bahari unaingia, mwenzangu mmoja kutoka Lindi alinionyesha lake: soksi ya mtoto aliyoijaza mtama, akaifunga fundo. Amelitumia mwaka wa pili. Alisema uzito unatosha, ila likiloa jasho mtama unavimba na kunuka, inabidi aumwage aweke mwingine. Nilitamani kumkumbatia. Nilikuwa nikidhani ni mimi peke yangu ninayehangaika na cha kuziba pengo la titi.

Mpwa wangu ndiye aliyeona kwenye simu kwamba kuna wanawake wanaofuma matiti ya uzi. Mmarekani aitwaye Barbara Demorest, wa mji wa Bellingham, alipoondolewa titi mwaka 2011 aliambiwa asivae la bandia kwa wiki sita angalau. Rafiki yake akamfumia la uzi. Kikatokea chama cha wafumaji, Knitted Knockers, wanaoyatoa bure, na maelekezo ya kufuma yamewekwa wazi kwa yeyote. Mpwa alichapisha kurasa zile, nikazichukua kwa mama wa vitambaa.

Nilimkuta barazani. Nikamwamkia, akaitika, nikabaki nimesimama na karatasi. Alinitazama kidogo tu, akasema, "Mwanangu, ingia ndani." Akafunga mlango, akashusha pazia. Sikuombwa kueleza habari ya ugonjwa. Alisema, "Lete nipime." Alichukua sidiria yangu ya zamani, akajaza mchele kikombe cha kushoto mpaka kikakaa sawa na titi langu la kushoto, halafu akamtuma mjukuu dukani na ule mchele ukapimwe kwenye mizani: karibu nusu kilo. Kisha akapima kwa futi ya ushonaji kutoka ubavuni hadi katikati ya kifua. Kovu aliliona. Aliuliza kama linauma likiguswa na mshono wa nguo, nikasema ndiyo, akasema basi upande wa ndani atafuma laini bila fundo hata moja. Halafu akaniuliza, "Unataka rangi gani?"

Tangu Februari nilikuwa nimeulizwa maswali mamia. Umri, uzazi, nani katika ukoo, unaumwa wapi, nani atalipa. Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Nilishindwa kujibu nikaanza kulia, na yeye akaendelea kukunja uzi kwenye kidole kana kwamba kulia ni sehemu ya kipimo. Nilipotulia nikasema karafuu. Akasema anao.

Toleo la kwanza halikufaa. Alilijaza sufi, kama mito ya zamani, na lilipofuliwa mara mbili sufi ikajikusanya madonge. Alilifungua mwenyewe bila kunidai, akalijaza zile nyuzi nyeupe laini wanazojazia mito ya kisasa. Hapo likakaa. Linafuliwa kwa mkono kwa sabuni laini, linaminywa bila kusokotwa, linaanikwa kivulini. Kiangazi linakauka nusu siku. Masika linaweza kuchukua siku mbili, kwa hiyo lazima uwe na mawili. Usijidanganye na moja.

Kasoro yake kubwa ni wepesi. Uzi na nyuzi za mto havifiki hata robo ya uzito wa titi, hivyo upande ule sidiria inapanda polepole, na kufika adhuhuri imekwenda upande. Wazungu wanatia vijiwe vidogo nyuma. Mama wa vitambaa aliniuliza kama nina shanga.

Ninazo. Zilikuwa kwenye kasha tangu siku niliyotoka hospitali. Sikuona tena sababu ya kuzivaa, na baba watoto hakuniuliza. Nyuzi tatu, nyingine alininunulia yeye mwaka tuliooana. Nilizitoa, nikazikata, tukazishona ndani ya kifuko kidogo cha kaniki, tumezibana zisigongane, tukakitia nyuma ya titi upande wa chini. Hazifikii nusu kilo, lakini zinalituliza mahali pake. Usiku nilimwambia baba watoto kilichomo. Aliweka kiganja chake pale juu ya titi la uzi, mara ya kwanza tangu Februari kuniwekea mkono upande ule, na hakuutoa upesi. Nilikuwa nikifikiri anachukizwa. Kumbe alikuwa anaogopa kuniumiza, na mimi naogopa kumwuliza.

Sasa sikilizeni hili kuliko yote niliyosema: mfuko wa sidiria ni muhimu kuliko titi. Fundi cherehani wa jirani alichukua sidiria zangu tatu za kawaida, zenye mkanda mpana wa chini na zisizo na waya, akashona kipande cha khanga kuukuu ya pamba kwa ndani, akaacha mdomo upande wa ubavuni. Shilingi 3,000 kila moja. Titi likishaingia mfukoni halina pa kwenda. Hata la silikoni lingekuwa halijanifedhehesha ubaoni kama ningekuwa na mfuko ule. Waya ni wa kuepuka, unakandamiza kovu.

Sijida ndiyo iliyonionyesha tofauti. Wiki za mwanzo nilisali nikiwa nimekaa kitini, mkono haukuweza kubeba mwili. Nilipoanza tena kushuka, silikoni kwa uzito wake ilikuwa inaivuta sidiria mbele, inaacha mwanya kifuani, nami nawaza nguo badala ya kumuwaza Mola. La kufuma linashuka na mimi, linainuka na mimi. Na joto: natumia tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila siku, na dawa hii huleta joto la ghafla, unalowa kama uliyetoka baharini. Silikoni wakati huo, kwa Januari ya Tanga, ni kubeba chupa ya maji moto kifuani. Pamba inanyonya.

Na wavaaji wa mtandio wenzangu, pini! Mwezi wa kwanza nilichoma mtandio, pini ikapita mpaka kwenye silikoni, utomvu wake mzito ukaanza kutoka. Nimeliziba kwa plasta, linafaa bado, lakini shilingi 180,000 zilinilia moyoni. La uzi ukilichoma pini, unaichomoa.

Hata hivyo silikoni sijalitupa. Nalivaa kwenye harusi, na gauni lililoshonwa kwa kipimo, na miezi ya Juni na Julai kukiwa na baridi kidogo. Umbo lake ndani ya nguo ya kubana halina mpinzani. La kufuma chini ya gauni la kubana linaonekana kwa anayejua kutazama. Ukiwa na uwezo wa yote mawili, anza na la kufuma wakati kovu bado bichi, la silikoni lifuate baadaye. Mimi nilianza kinyume kwa sababu hakuna aliyeniambia, na miezi ile kati ya Februari na Oktoba nilitembea nimekunja mikono kifuani hata ndani ya nyumba yangu.

Mkono nao una habari yake, nitaisema kwa ufupi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama buibui, kila siku kidogo. Niliweka alama za chaki kwenye ukuta wa chumbani. Alama ya kwanza ipo usawa wa kidevu. Siku hizi nakaa kwenye mbuzi kukuna nazi moja bila kupumzika, mbili napumzika. Ndoo ya maji sibebi kwa mkono ule, na sindano au kupimwa presha natoa wa kushoto, kwa sababu tezi za kwapani zikiondolewa mkono unaweza kuvimba. Jioni nikiona pete imebana nauinua juu ya mto.

Titi la kwanza limeanza kulegea, mbele limekuwa bapa, nadhani mwaka mmoja ndio umri wake ukilivaa kila siku. Nimekwishaagiza jingine. Mama wa vitambaa amepandisha bei kidogo kwa sababu uzi wa pamba umepanda, na kwa kazi ile sikuona vibaya. Ukienda, nenda alasiri, asubuhi anapika vitumbua, na mlango ataufunga mwenyewe bila kuombwa. Safari hii nimechagua zambarau. Kifuko cha kaniki nimemwambia asikifungue, akihamishe kilivyo.