Gboard kwa Kiswahili: shida iko kwenye vitenzi

Gboard, kibodi ya Google, ni chaguo zuri kwa anayeandika Kiswahili kutwa, ila si kama inavyokuja na simu. Wengi huandika Kiswahili juu ya kibodi ya Kiingereza, halafu wanashangaa maneno yao yakigeuzwa. Kwanza iongezee lugha: gusa alama ya gia (mipangilio) iliyo juu ya herufi, ingia Lugha, kisha Ongeza Kibodi, chagua Kiswahili. Kuanzia hapo ukishikilia kitufe cha nafasi unahama lugha papo hapo.

Hata hivyo vitenzi vitaisumbua. Neno kama "hatujawaandikia" ni sentensi nzima, na hakuna kamusi ya simu inayobeba kila muungano wa viambishi. Ndiyo maana neno sahihi kabisa hupigiwa mstari mwekundu, au hubadilishwa mara tu unapogusa nafasi. Zima usahihishaji wa kiotomatiki, acha mapendekezo tu. Kibodi itajifunza maneno yako kadiri unavyoandika, na makosa yako pia. Pendekezo baya likizidi kujitokeza, lishikilie, liburute hadi kwenye pipa la taka.

Umeandika "walivotuambia", umesahau y? Usihangaike kugusa katikati ya neno kwa kidole gumba. Telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kishale kitasogea herufi moja moja hadi pale pale. Hiki ndicho kipengele chenye manufaa kuliko vyote kwa lugha yenye maneno marefu, na inasikitisha wachache wanakijua.

Ritifaa, ile alama ya ' katika ng', imefichwa, na watu wamezoea kuiacha. Lakini "ng'oa" ni kung'oa mti, "ngoa" ni wivu! Shikilia nukta, kijisanduku cha alama kitafunguka, sogeza kidole hadi kwenye ritifaa bila kukiinua, achia. Kwa maneno ya kila siku, weka kifupisho kwenye kamusi ya binafsi: "ngm" ilete "ng'ombe".

Kuandika kwa kutamka kulikuja kwa Kiswahili Agosti 2017, na kuna Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Chagua cha kwenu, maana matamshi na maneno yanatofautiana. Sema sentensi fupi, mbali na upepo na kelele za barabarani. Majina ya watu na ya mitaa yakague moja moja kabla ya kutuma, na mikato itie mwenyewe.