Mnanaa badala ya sindano: nilivyopimwa tumbo nikiwa na presha ya macho

Nina presha ya macho, matone asubuhi na jioni, mwaka wa sita huu. Naanza na macho ingawa habari ni ya tumbo, maana bila hayo macho nisingewekewa mnanaa.

Dawa za vidonda vya tumbo zilikuwa zimenishinda, nikaandikiwa kipimo cha mpira wenye kamera. Nikatoka Kibaigwa na basi la alfajiri, tumbo tupu tangu uji wa saa mbili usiku. Kufika Dodoma mjini, nesi ameshavuta dawa kwenye sindano, pamba iko mkononi. Fomu niliyojazishwa haikuuliza macho hata mara moja, na hilo bado linaniudhi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nina presha ya macho, hiyo haina shida?" Akasimama. Akaenda kumwita daktari.

Kumbe ilikuwa Buscopan, dawa ya kulegeza tumbo. Tumbo huwa linajikunjakunja lenyewe, kamera ikakosa kuona ukuta wake sawasawa, ndiyo maana wanalilegeza. Ila sindano hiyo inaweza kupandisha presha ya macho, inakimbiza moyo, na mzee mwenye tezi dume anaweza kufungwa mkojo. "Wewe mama tutakupulizia mnanaa," daktari akasema. Famasia yao wanatengeneza mchanganyiko wa mafuta ya pipiminti, aina ya mnanaa. Japani, alisema, wana dawa ya kiwandani kabisa ya mentholi, ile inayotoka kwenye mnanaa, mililita 20 za asilimia 0.8. Inazuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya tumbo, na misuli isipopata kalsiamu haijikunji.

Nikalala ubavu wa kushoto, kidude cha plastiki mdomoni, koo limepuliziwa ganzi chungu kama mwarobaini. Runinga nilikuwa naiona. Mlango wa chini wa tumbo ulikuwa unafumba na kufumbua kama mdomo wa perege aliyetolewa majini. Daktari akasukuma dawa kupitia mpira uleule, ikatiririka ukutani. Dakika haikwisha, au kama ilikwisha ni kidogo tu, mdomo wa perege ukatulia wazi. Nikacheua, harufu ya mnanaa ikanipanda mpaka puani.

Msije mkadhani mnanaa unaondoa kichefuchefu cha kumeza mpira. Hauondoi. Machozi yalinitoka, nikawa nafanya kama nataka kutapika mpaka mwisho. Mnanaa ni wa tumbo, koo lina shida zake.

Macho hayakuingia ukungu wala mdomo kukauka. Stendi nilisoma kibao cha basi langu nikiwa mbali.

Kosa nililifanya nyumbani. Mkwe wangu kusikia mnanaa umenisaidia, akanichemshia chai ya majani yake, kikombe kikubwa. Nikanywa, nikalala. Saa saba usiku kiungulia kikaniamsha, kifua kinawaka. Niliporudi kuchukua majibu daktari akacheka: mnanaa unalegeza hata ule mlango wa juu unaozuia asidi isipande. Sasa naitengeneza chai ya tangawizi, nyepesi, na mkwe ameelewa.