Miezi minne na mwalimu wa retriva pale Luchelele, Mwanza: uzoefu wangu

Tausi ni mbwa wangu, Labrador mweusi, jike, ana mwaka mmoja na nusu. Labrador ni retriva, yaani mbwa wa kuokota mawindo na kumletea mwindaji. Nilipompeleka kwa mwalimu huyu alikuwa haingii ziwani hata umbembeleze vipi, na kosa halikuwa lake. Mtu wa kwanza niliyemlipa amfundishe alimpakia kwenye mtumbwi, akamsukuma kwenye kina kirefu, akaniambia Labrador huzaliwa anajua kuogelea. Mbwa alitoka anatapika maji. Tangu siku hiyo wimbi likimgusa kucha tu, anarudi nyuma na kujificha nyuma ya miguu yangu. Iliniuma sana, maana pesa nilitoa mwenyewe.

Mwalimu wa sasa hufuata utaratibu wa mtihani wa uwindaji wa retriva wa American Kennel Club, chama cha wafuga mbwa cha Marekani, ulioanza mwaka 1985. Mtihani wenyewe sisi hatuufanyi, tunautumia kama kipimo. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi akanieleza ngazi ya chini inataka nini: mbwa aokote vitu vinne, kimoja kimoja, viwili nchi kavu na viwili majini, umbali usizidi yadi 100, yaani kama mita 91, na kila kimoja akifikishe mkononi mwako. Majaji humpa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kukumbuka kitu kilipoangukia, kwa ari, kwa kutokata tamaa na kwa usikivu. Hashindanishwi na mbwa wa mwenzako. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu wengine wote walikuwa wananiahidi mbwa "mkali".

Wiki sita za mwanzo hatukukanyaga maji. Kazi ilikuwa filimbi: mlio mmoja mrefu, kaa, milio mifupi mfululizo, njoo. Kurusha alianzia kwenye kichochoro kati ya kuta mbili nyumbani kwake, ili Tausi akishaokota asiwe na njia nyingine ila kurudi kwetu. Baadaye tukahamia uwanjani. Kijana wake anasimama mbali, anapiga ukelele, mbwa anageuza macho, ndipo boya linarushwa juu sana ili alione linavyopanda na linavyoshuka. Maboya haya ya mazoezi yana ukubwa wa chupa ndogo ya maji, na kamba fupi kwenye ncha moja. Mimi nilikuwa nimenunua ya rangi ya chungwa, nikidhani yanaonekana vizuri. Yanaonekana kwetu. Kwa macho ya mbwa, chungwa juu ya majani mabichi ni karibu rangi moja. Mwalimu akayapaka rangi nyeupe mawili, na wiki ile ile Tausi akaanza kwenda moja kwa moja mahali lilipoangukia badala ya kuzunguka akinusa.

Majini ndiko mwalimu alikonishangaza kwa subira. Tunafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya kumfungua mbwa, anakwenda kwa wavuvi wanaotoka kwenye dagaa za usiku: "Shikamooni wazee, maji yakoje leo?" Wakisema mamba ameonekana upande ule, siku hiyo tunarudi uwanjani, na hela ya kipindi hainiponyoki, inahamia siku nyingine. Magugumaji yakiwa yamesogea ufukweni, pia hatuingii. Kichocho kinatokana na konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye mimea, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likishapanda, kwa hiyo hachukui mwanafunzi wa majini mchana.

Siku ya kwanza ya majini mwalimu alivaa buti, akaketi kwenye jiwe, miguu ikiwa ndani ya maji, akaliweka boya likielea hatua mbili mbele yake. Hakumwita Tausi. Tulikaa pengine dakika ishirini. Mbwa alinyoosha shingo, akarudi, akanyoosha tena, mwishowe akalivuta kwa ncha ya meno huku miguu ya nyuma imeng'ang'ania mchanga. Mwalimu akasema, "Dada, kwa leo inatosha, twende nyumbani." Wiki ya tatu Tausi aliogelea mwenyewe, na mimi nilisimama pale nikalia.

Kuna tatizo nisilolijua kabla: akitoka majini alilidondosha boya ili ajikung'ute. Katika mtihani hilo ni kosa. Dawa yake ilikuwa kumpokea ukingoni kabisa, kabla hajapata nafasi ya kujikung'uta, kisha kila siku unasogea nyuma hatua moja. Sasa ananifuata hatua kumi nchi kavu akiwa anachuruzika, analikabidhi, ndipo ananirushia maji mwili mzima.

Mtihani mgumu kuliko wote hata hivyo ni dagaa. Kina mama wanaanika mchangani, na harufu ile hakuna mbwa asiyeijua. Mwalimu aliomba ruhusa kwao kwanza, tukakaa mbali na vyandarua vyao, kisha akanisogeza karibu kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Juzi Tausi alitoka na boya mdomoni, akasimama, akageuza pua kuelekea dagaa, masikio yamesimama. Nikapiga filimbi fupi fupi. Akaja. Mama mmoja akapiga makofi.

Yasiyonipendeza yapo. Asubuhi pale upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mara mbili boya lilisukumwa mbali kuliko uwezo wa mbwa mchanga. Mara ya pili Tausi aliendelea kulifuata hadi moyo ukanipasuka, tukamwomba mvuvi akaenda kumrudisha. Sasa kila boya la majini linafungwa uzi mrefu wa nyavu, lakini hilo lilipaswa kufanyika tangu mwanzo, na nilimwambia. Pia ana kijana mmoja tu wa kurusha. Kwa ngazi inayofuata, ambayo vitu viwili hurushwa kwa zamu na mbwa lazima atulie bila kushikwa hadi atumwe, anahitaji wa pili. Kwa sasa nampeleka mtoto wa dada yangu.

Nalipa shilingi 20,000 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki, na Tausi hajawahi kupigwa hata kofi. Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda, beba buti zako, taulo la mbwa na maji safi ya kumnywesha, na umpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya kupe, maana majani ya pale uwanjani yana kupe wengi mno.