Mlezi wa nyumbani kupitia wakala, Nairobi: kwa mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu)

Huduma ni nzuri, ila soma mkataba kabla ya kulipa. Anayetumwa kwa kawaida ni mlezi, si muuguzi: anaogesha, analisha, anakumbusha dawa. Kidonda au mpira wa mkojo ni kazi ya muuguzi, na leseni yake ihakikishwe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya.

Kasoro kubwa ni kubadilisha walezi ovyo. Mzee asiyeshika sura mpya hukataa kuvuliwa nguo na mgeni, halafu anaitwa mkaidi, jambo linaloumiza. Dai walezi wawili wale wale wa kupokezana, na mwanzoni wakae na mtu wa nyumbani.

Zamu ikibadilishwa saa kumi na mbili jioni, ndiyo saa wengi huchanganyikiwa na kudai kurudishwa "kwetu". Omba iwe saa nane mchana, na taa ziwashwe kabla giza halijaingia.

Daftari la kila siku lisikosekane: maji aliyokunywa, choo, usingizi. Akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida, mpeleke hospitali apimwe na mkojo pia. Huenda ni maambukizi yanayotibika.