Suti ya mvua ya vipande viwili, Kampala hadi Kisoro kwa pikipiki

Niseme mapema: suti hii inazuia upepo kuliko inavyozuia maji, na kwa njia ya Kigezi, nyanda za juu za kusini magharibi mwa Uganda, hilo ndilo la maana zaidi. Niliinunua Kikuubo, mtaa wa maduka jijini Kampala, kwa shilingi 75,000 za Uganda, koti na suruali, nailoni iliyopakwa plastiki kwa ndani. Jina la kampuni halina, ni lebo ya saizi tu shingoni.

Hadi Mbarara sina la kuandika. Masaka jua, Lyantonde jua na moshi wa malori, suti imefungwa nyuma ya kiti. Manyunyu yalianza baada ya Ntungamo, na mvua yenyewe ikanishukia nikiikaribia Kabale. Mji ule uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Kampala ni kama 1,200, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Jumlisha na upepo wa mwendo wako mwenyewe. Ndiyo maana vijana wa boda huvaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni: baridi hupita kwenye zipu kabla ya kutafuta mlango mwingine. Koti hili lina kifuniko juu ya zipu, kinabanwa kwa vifungo, kwa hiyo nililivaa kama lilivyoshonwa na kifua kikabaki kikavu.

Kazi hasa ilikuwa Kabale hadi Kisoro. Ni kilomita 80 hivi za lami, lakini kona haziishi, na msimu wa mvua udongo wa mlimani hushuka hadi barabarani. Unapita msitu wa Echuya wenye mianzi, unaingia ukungu wa Kanaba, na kila unapotoka kwenye kificho cha mlima upepo wa bondeni unakupiga ubavuni. Koti refu nililotumia zamani lilikuwa linajaa upepo kama tanga la jahazi, pikipiki inasukumwa katikati ya barabara huku lori la viazi linateremka upande wa pili. Hii ya vipande viwili ina mkanda kiunoni na lastiki mikononi, haipepei. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Sasa uvujaji. Ukikaa kwenye pikipiki, suruali hujikunja mapajani na kufanya kidimbwi mbele yako, juu kidogo ya mshono wa katikati. Maji hukaa pale, hayana haraka, kisha yanaanza kuchuruzika ndani, baridi, mahali ambapo mtu mzima hapendi kulowa. Niligeuza suruali jioni nikaona: mishono ya miguuni imebandikwa utepe ndani, ule wa katikati umeachwa uzi mtupu. Fundi yeyote angeuanza huo kwanza! Dawa yangu ni kuinuka kidogo kwenye vikanyagio kila baada ya muda, maji yamwagike.

Jasho nalo. Nilisimama Kanaba kunywa chai, nikafungua koti, shati limeshikamana na mgongo. Mzee mmoja akaniuliza, “Mvua imeingia, kijana?” Nikamjibu, “Hapana mzee, ni jasho.” Akacheka, akanisogezea jiko. Plastiki haipumui; ukiwa mtu wa kusukuma pikipiki kwenye matope, utalowa kutoka ndani. 

Uvaaji una siri zake. Mkono wa koti uwe juu ya glovu, usiwe ndani yake, vinginevyo glovu inageuka kikombe. Suruali iwe nje ya gambuti, kwa sababu hiyohiyo. Na mguu wa kulia wa suruali uangalie usiguse ekzosi: plastiki ikigusa mara moja tu inayeyuka. Wangu una kovu tayari, chini ya goti, nimelibandika kiraka cha tyubu na bado kinashika.

Kwa safari za mjini Kampala nisingeinunua, joto litakuchosha bure. Kwa Kabale, Kisoro au Kapchorwa, chukua, saizi moja juu ya yako ili sweta lipate nafasi. Kabla ya kulipa geuza suruali nje ndani uangalie mshono wa katikati. Muuzaji akikataa uigeuze, nenda duka linalofuata, Kikuubo hayakosekani.