Piano ya kidijitali ya nyumbani: ipi ya kwanza, ipi isubiri

Kabla hujavutiwa na piano yenye sauti mia tano za tarumbeta na filimbi, bonyeza kii zake kwanza. Ya familia iwe na kii 88, tena zile zenye nyundo ndani, upande wa besi nzito kidogo na ukienda kulia zinazidi kuwa nyepesi, maana mtoto akizoea kikibodi chepesi cha plastiki, siku akikaa kwenye piano halisi vidole vinagoma. Zile sauti mia tano mtazichezea wiki moja basi.

Namba moja kwangu ni Roland FP-30X. Noti 256 zinaweza kulia kwa pamoja, spika zinatosha sebule nzima, na ina Bluetooth kwa hiyo wimbo wa kwenye simu unatokea kwenye spika za piano na wewe unapiga juu yake. Halafu ina matundu mawili ya hedifoni, mwalimu na mwanafunzi wanasikia wote na waliolala hawasumbuliwi. Ubaya ni uzito, karibu kilo 15.

Ya pili Casio PX-S1100. Hii ni nyembamba kweli, kilo 11 na ushee, inakubali betri 6 za AA, kwa hiyo kama leo iko sebuleni kesho kanisani au kwenye sherehe, chukua hii. Ila ukibonyeza kii upande wa ndani kabisa, zinapoingia kwenye mwili wa piano, unaona zinakuwa ngumu, na ule mng'ao wake unashika alama za vidole balaa.

Ya tatu Roland FP-10, kii ni zilezile za FP-30X kwa hela ndogo, wamebania spika na tundu la hedifoni ni moja tu. Kama anayejifunza ni mmoja, mi ningeipandisha iwe ya pili.

Yamaha P-145 ni nyepesi na sauti yake tamu, lakini noti zinazolia kwa pamoja ni 64 tu na Bluetooth hamna. Kama haitahamishwa kabisa, angalieni YDP-145 ya Yamaha hiyohiyo, inakuja na kabati lake na pedali 3 za kukanyaga.

Bakiza hela ya stendi na kiti. Stendi ya umbo la X ikiwa dhaifu inayumba mtu akipiga kwa nguvu, na kiti kiwe cha kupandisha na kushusha, baba na mtoto wa miaka 7 hawawezi kukaa kimo kimoja.